Upasuaji wa Urembo Ukiwa Kwenye Dawa ya Kupunguza Uzito: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya anayepanga kukazwa tumbo, kufyonzwa mafuta, kuinuliwa matiti au kupunguzwa ngozi ya mikono na mapaja, na huku yuko kwenye dawa ya kukonda. Yameandikwa tukimfikiria msomaji wa Kisumu, Nakuru, Kakamega, Busia na miji ya karibu, ambaye huenda akapasuliwa hapa nyumbani au akasafiri hadi Nairobi.

Ni dawa zipi hasa zinazohusika?

Zinazoleta maswali mengi ni za kudunga chini ya ngozi: semaglutaidi (Ozempic, Wegovy), tirzepataidi (Mounjaro, Zepbound), dulaglutaidi (Trulicity) na liraglutaidi (Saxenda, Victoza). Tatu za kwanza hudungwa mara moja kwa wiki, liraglutaidi kila siku. Semaglutaidi ipo pia kama kidonge cha kila siku, Rybelsus. Phentermine, orlistat na chai za kukonda zina matatizo yake tofauti. Tutayafikia.

Sindano ya kukonda inamhusu nini daktari wa nusukaputi, yule anayekulaza usingizi wa upasuaji?

Dawa hizi hufanya kazi mbili. Hutuliza njaa kwenye ubongo, na hupunguza kasi ya tumbo kupitisha chakula kwenda kwenye utumbo. Hiyo ya pili ndiyo inayomkosesha daktari raha. Mtu wa kawaida akila ugali na samaki saa moja jioni, asubuhi tumbo lake ni tupu. Anayetumia sindano hizi anaweza kufika chumba cha upasuaji saa mbili asubuhi, hajaonja kitu usiku kucha, na bado ana ugali wa jana tumboni.

Tazama kinachotokea dakika ya kwanza ya usingizi. Dawa inapita kwenye mshipa wa mkono, na baada ya muda mfupi sana macho yanafumba na misuli inalegea. Ule mkazo wa juu ya tumbo unaozuia chakula kurudi nao unalegea. Kikohozi kinachokuokoa ukipaliwa na maji kinazimika. Kilichomo tumboni kikipanda hadi kooni, hakuna cha kukizuia kuteremka mapafuni. Asidi inachoma mapafu, vipande vya chakula vinaziba njia ya hewa, na mtu aliyekuja kukazwa tumbo anahamishiwa ICU kwenye mashine ya kupumulia.

Si jambo la kila siku, lakini lipo. Novemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliongeza onyo hili kwenye maelezo ya dawa hizi. Upasuaji wa urembo hauna dharura. Ukiahirishwa wiki mbili hakuna kinachoharibika, kwa hiyo hakuna sababu ya kuingia na tumbo lisilojulikana lina nini.

Basi niiache siku ngapi kabla?

Hapa utasikia majibu mawili, na yote yana asili yake.

Juni 2023 chama cha madaktari wa nusukaputi cha Marekani kilishauri hivi: sindano ya kila wiki iachwe wiki nzima kabla ya upasuaji, ya kila siku iachwe siku yenyewe. Hospitali nyingi bado zinafuata hivyo. Oktoba 2024 chama hichohicho, pamoja na vyama vya madaktari wa tumbo na wa upasuaji wa unene, kilitoa mwongozo mpya: wagonjwa wengi wanaweza kuendelea na dawa, ila kila mmoja apimwe hatari yake, na mwenye hatari kubwa anywe vinywaji tu kwa angalau saa 24 kabla.

Kwa nini walibadilika? Piga hesabu. Semaglutaidi hupungua mwilini kwa nusu kila baada ya wiki moja hivi. Ukidunga Jumapili na kupasuliwa Jumapili inayofuata, nusu ya dozi hiyo bado inazunguka. Ukingoja wiki mbili, bado robo ipo. Dawa huchukua kama wiki tano kuisha kabisa. Tirzepataidi hupungua kwa nusu kila siku tano hivi. Wiki moja ya kuruka dozi haisafishi mwili, inapunguza tu. Liraglutaidi ni tofauti: nusu yake hutoweka kwa saa 13 hivi, ndiyo maana kuiacha siku ya upasuaji kunatosha kwa wengi.

Hatari huwa kubwa zaidi ukiwa:

- bado kwenye miezi ya kupandisha dozi (semaglutaidi ya uzito huanza na miligramu 0.25 na kupandishwa kila wiki nne hadi 2.4, tirzepataidi huanza na 2.5 na inaweza kufika 15);
- kwenye dozi ya juu;
- na kichefuchefu, kutapika, kujaa tumbo, kiungulia au choo kigumu wiki ya upasuaji;
- na ugonjwa mwingine unaochelewesha tumbo, kwa mfano kisukari cha miaka mingi kilichogusa mishipa ya fahamu.

Ushauri wetu: usijiamulie. Pigia simu hospitali itakayokupasua wiki tatu au nne kabla, utaje dawa, dozi, siku unayodunga na tarehe uliyopandisha mara ya mwisho. Ukipiga siku mbili kabla, uamuzi wa kuruka dozi umeshapita. Na ukishapewa tarehe, usipandishe dozi katikati.

Ninaitumia kwa sababu ya sukari, si kukonda. Niache pia?

Usiache kabla ya kuongea na anayekutibu kisukari. Sukari ikipanda, kidonda hupona polepole na hushika vidudu kwa urahisi, na hiyo inaweza kuwa hatari kubwa kuliko ile ya tumbo. Ikibidi kuruka dozi zaidi ya moja, atakupa dawa ya kuziba pengo.

Jambo jingine lisahaulikalo: siku ya kunywa vinywaji tu, anayetumia insulini au glibenclamide anaweza kushukiwa na sukari hadi kuzimia. Uliza dozi ya siku hiyo ipunguzwe kiasi gani, na ujipime mara kwa mara.

Empagliflozin na dapagliflozin, vidonge vinavyotoa sukari kupitia mkojo, huachwa siku tatu kabla. Mtu anayefunga huku yuko navyo anaweza kupata asidi nyingi kwenye damu ilhali kipimo cha sukari kinaonyesha namba ya kawaida. Ni mtego mbaya, kwa sababu kila mtu anaangalia namba hiyo na kutulia.

Ile siku ya vinywaji tu, ninywe nini? Uji unaruhusiwa?

Tuseme unapasuliwa Jumanne saa mbili asubuhi. Chakula cha mwisho cha kutafuna ni cha Jumapili jioni, nacho kiwe chepesi: si nyama choma, si githeri, si mboga zenye nyuzi nyingi. Jumatatu yote ni vinywaji. Supu ya kuku au ya samaki iliyochujwa kabisa, bila kipande wala jani la dania. Maziwa, yogati isiyo na matunda, uji mwepesi uliochujwa, maji, chai. Hospitali nyingine hukataa maziwa na uji siku hiyo na kutaka vya kupenya mwanga pekee, yaani vinywaji unavyoweza kuona kupitia ndani yake. Fuata karatasi yao.

Kanuni za kawaida za kufunga bado zipo juu ya hapo: saa nane baada ya mlo mzito au wa mafuta, saa sita baada ya mlo mwepesi au maziwa, saa mbili baada ya kinywaji kinachopenya mwanga. Chai ya rangi, ile strungi, hupenya mwanga. Ukiitia kijiko kimoja cha maziwa inahesabiwa kama maziwa, na hapo ndipo wengi huanguka: "nilikunywa chai tu." Uji haupenyi mwanga hata ukiwa mwepesi vipi. Juisi ya embe au ya parachichi ni chakula. Juisi ya tufaha isiyo na nyama ya tunda inakubalika, na ukiweka glasi mbele ya gazeti uweze kusoma maandishi, umejibu swali lako. Kwa anayetumia sindano hizi, daktari anaweza kurefusha zile saa mbili. Ni haki yake.

Usijikaushe pia. Dawa hizi hupunguza hata kiu, na jua la Kisumu halisaidii. Mkojo ukiwa rangi ya chai kavu Jumatatu mchana, hujanywa vya kutosha.

Nikisahau nikala, nifanye nini?

Sema. Watakachofanya ni kuchelewesha, kuahirisha, au kutazama tumbo kwa kifaa cha ultrasaundi kilekile cha wajawazito. Kifaa kikiwekwa chini ya kifua, tumbo tupu huonekana limejikunja, lenye maji huonekana jeusi, lenye chakula huonekana kama ukungu wenye chembe. Wakiona chembe huahirisha. Ikibidi waendelee, hukulaza kwa njia ya haraka na kuweka mrija wa kulinda mapafu. Kukaa kimya ndilo chaguo pekee lisilo na dawa.

Kliniki imeniambia ni usingizi mwepesi tu, kwa hiyo hakuna haja ya haya yote.

Swali hili tunalipa uzito kuliko mengine. Ganzi ya pale pale, ukiwa macho na unaongea, haikuzimii kikohozi, na hapo dawa ya kukonda si tatizo kubwa. Usingizi mwepesi ni jambo jingine. Ukilala hadi usiitike jina lako, kinga ya koo imepungua, na mara nyingi hakuna mrija wa kulinda mapafu. Kwa mwenye tumbo lililojaa, usingizi wa nusu usio na mrija unaweza kuwa hatari kuliko usingizi kamili wenye mrija.

Uliza maswali matatu: nani atakuwa akinilaza, na kazi yake itakuwa hiyo tu? Kuna oksijeni, mashine ya kufyonza na vifaa vya kuweka mrija ndani ya chumba chenyewe? Nikizidiwa, nitapelekwa hospitali gani, kwa gari gani? Jibu la swali la tatu likiwa "haijawahi kutokea," chukua mkoba wako uende.

Lazima nitaje dawa niliyonunua mtandaoni? Familia haijui.

Lazima. Wengi husema "ni mazoezi tu" mbele ya mume au dada aliyewasindikiza. Omba kuongea na daktari peke yako, hiyo ni haki yako. Nenda na kalamu yenyewe na kasha lake.

Dawa ya mtandaoni ina shida ya pili: huenda si hiyo iliyoandikwa. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia zilizopatikana Brazili, Uingereza na Marekani. Hapa Kenya anayesimamia dawa ni Bodi ya Famasia na Sumu, na duka la dawa halali huwa na leseni yake ya mwaka ukutani. Chupa ndogo isiyo na jina la mtengenezaji, unayoambiwa uchanganye na maji mwenyewe, hakuna daktari anayeweza kukupigia hesabu yake. Sema hivyo, naye atakuchukulia kama mwenye tumbo lililojaa.

Hata iliyo halali huharibika njiani. Kalamu ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8. Ikiganda, itupwe. Nyingi zikianza kutumika huvumilia hadi nyuzi 30 kwa wiki kadhaa, lakini ndani ya gari lililoegeshwa juani Kondele au Nakuru mjini joto hupita hapo haraka.

Uzito bado unashuka. Nipasuliwe sasa au ningoje?

Ngoja. Ngozi inakatwa kulingana na mwili uliopo siku ile. Ukikazwa tumbo ukiwa na kilo 92 kisha ukashuka hadi 78, ngozi italegea tena na kovu litabaki. Madaktari wengi wa upasuaji hutaka uzito uwe umesimama miezi mitatu hadi sita, yaani namba iwe inacheza ndani ya kilo mbili au tatu. Jipime kwa mizani ileile, asubuhi, mara moja kwa wiki, uandike. Daftari hilo lina faida kuliko picha za simu.

Kufyonzwa mafuta si njia ya kupunguza uzito. Kutoa zaidi ya lita 5 kwa mara moja huhesabiwa kuwa kiasi kikubwa, na mtu wa namna hiyo anapaswa kulala hospitalini akiangaliwa, si kurudishwa nyumbani jioni.

Nitafanyiwa vipimo gani?

Damu kamili (hemoglobini ya mwanamke chini ya 12 inahitaji kuelezwa sababu kabla ya kisu), akiba ya madini ya chuma, vitamini B12, albumini (protini ya damu), figo na chumvi za damu, wastani wa sukari wa miezi mitatu, na mimba kwa anayeweza kuwa nayo. Kipimo cha moyo, ECG, hutegemea umri na historia. Aliyekuwa akitapika au kuhara kwa sababu ya sindano anaweza kuwa na potasiamu ya chini inayovuruga mapigo ya moyo akiwa usingizini, kwa hiyo usiruke kipimo cha chumvi ili kuokoa mia chache.

Kuhusu mimba: tirzepataidi hupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi. Tumia kondomu wiki nne baada ya kuanza na wiki nne baada ya kila kupandisha dozi. Vidonge vyenye estrojeni pia huongeza hatari ya damu kuganda, vitaje.

Sina hamu ya kula kabisa. Kuna ubaya?

Kwa kidonda, upo. Mwili huunganisha ngozi kwa protini, na anayeshushwa njaa na dawa hukonda misuli pamoja na mafuta. Matokeo yake ni mshono unaofunguka pembeni, majimaji yanayojikusanya chini ya ngozi, na nywele kudondoka.

Lengo la kawaida ni gramu 1.2 za protini au zaidi kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kuanzia angalau wiki nne kabla. Mwenye figo dhaifu aulize kwanza. Mtu wa kilo 80 anahitaji gramu 96 hivi. Mayai matatu hutoa 18. Nusu lita ya maziwa au mala, 16. Kipande cha ngege kilichopikwa cha gramu 150, bila miiba, karibu 39. Kikombe cha maharagwe au ndengu, 15. Njugu za kiganja kimoja, 8. Hapo umefika. Ujanja ni mpangilio wa sahani: anza na samaki, kisha mboga, ugali uwe wa mwisho. Ukianza na ugali utashiba kabla hujamgusa samaki. Omena nayo ni protini nyingi kwa bei ndogo.

Na chai za kukonda, phentermine, orlistat?

Phentermine huchochea moyo na kuvuruga shinikizo la damu wakati wa nusukaputi. Huachwa mapema, na daktari ndiye anayepanga siku. Orlistat huzuia mafuta kufyonzwa, na vitamini K inayosaidia damu kuganda hupotea nayo. Chai nyingi zina sena, ambayo ni dawa ya kuharisha: uzito unaoshuka ni maji na chumvi. Baadhi ya vidonge vya "asili" vimewahi kukutwa na sibutramine, iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kudhuru moyo. Aspirini, brufeni na vidonge vya kitunguu saumu huongeza kuvuja damu. Orodhesha vyote kwenye karatasi, hata vile unavyoona si dawa. Aspirini uliyoandikiwa kwa ajili ya moyo usiiache bila ruhusa.

Sigara na shisha?

Acha wiki nne kabla, wiki nne baada. Vepu, ile sigara ya umeme, imo.

Nitajuaje kama daktari na kliniki ni halali?

Tafuta jina lake kwenye sajili ya mtandaoni ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno Kenya, KMPDC. Angalia mambo mawili: leseni ya mwaka huu, na taaluma iliyosajiliwa. Daktari wa kawaida mwenye leseni bado si daktari bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbo. Kituo nacho kina leseni yake na kiwango chake. SHA, bima ya afya ya serikali, haigharamii urembo, kwa hiyo bei utakayoambiwa iwe na nusukaputi, vipimo, nguo ya kubana, kitanda, na utaratibu wa malipo ukirudi na shida.

Nikipasuliwa Nairobi, narudi Kisumu lini?

Si siku ya pili kwa basi. Barabara ni zaidi ya kilomita 300, na kukaa umekunja magoti saa saba au nane baada ya kukazwa tumbo kunakaribisha damu kuganda mguuni na kupanda mapafuni. Panga kulala karibu na hospitali angalau wiki moja, hadi mirija ya majimaji itolewe na daktari akuruhusu. Anayerudi Nakuru ana safari fupi, lakini naye ashuke atembee Naivasha. Ndege hadi Kisumu ni chini ya saa moja, nayo pia husubiri ruhusa. Tangu jioni ya kwanza, tembea hatua chache kila saa ukiwa macho, umeinama kidogo kama unayetafuta sarafu.

Sindano niirudie lini?

Ukiwa unakula kawaida, hutapiki, na choo kimerudi. Dawa kali za maumivu zenyewe hupunguza mwendo wa tumbo na utumbo; ukiongeza sindano juu yake utatapika, na kutapika na mshono mpya tumboni kunaweza kuanzisha kuvuja damu. Ukikosa dozi mbili au zaidi mfululizo, usirudi palepale kwenye dozi ya juu kabla ya kuuliza. Huenda ukaanzishwa chini.

Dalili zipi nisingoje asubuhi?

Kukosa pumzi au maumivu ya kifua. Kikohozi na homa ndani ya siku mbili baada ya usingizi. Shavu la mguu mmoja, nyuma chini ya goti, kuvimba na kuuma. Upande mmoja wa mshono kujaa ghafla na kukaza. Ngozi kuwa nyeusi au ya zambarau. Kutapika kusikokoma, au maumivu makali ya tumbo yanayopenya mgongoni, ambayo yanaweza kuwa ya kongosho lililovimba. Nenda hospitali yenye chumba cha upasuaji na ICU usiku huohuo, iwe rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga ukiwa Kisumu au ya kaunti ukiwa Nakuru, kisha mpigie aliyekupasua ukiwa njiani. Mtu wa kwanza atakayekupokea mwambie mambo mawili: nilipasuliwa lini, na nilidunga dawa gani mara ya mwisho.